KUHUKUMIWA BILA YA KUITWA

Kila mwaka, ifikapo katikati ya Oktoba, saa kumi na mbili za jioni kwa saa za Uingereza, mlango wa maombi ya skuli za udaktari za nchi hiyo hufungwa. Kuanzia saa ile maelfu ya vijana, na nyuma yao maelfu ya wazazi, huingia katika kazi moja nzito isiyokuwa na mshahara wala msimamizi, nayo ni kazi ya kungoja. Wanangoja kuitwa kwenye usaili. Miongoni mwao wamo vijana wenye asili ya visiwa hivi, waliozaliwa au kukulia London na miji mingine ya huko. Tunaandika leo kwa ajili yao, na kwa ajili ya kila mwanachama wetu mwenye mtoto, mpwa au jirani katika safu hiyo ya wangojao.

Neno letu ni moja. Tunasema kwamba hukumu kubwa katika jambo hili haitolewi ndani ya chumba cha usaili, mbele ya uso wa mwombaji. Hutolewa kabla ya hapo, katika chumba asichokiona, na watu au mitambo isiyomwona. Na hukumu ya namna hiyo, ikiwa kanuni zake hazikuandikwa wala hazikutangazwa, haiwezi kuitwa haki, hata kama waliyoitoa ni watu wema.

Kwanza na tueleze mambo yalivyo, maana wako wazee wetu wengi wanaombewa dua na wajukuu zao wasijue hasa wanaombea nini. Anayetaka kusomea udaktari Uingereza hapeleki barua yake kwa kila skuli kivyake. Maombi yote hupita kwenye shirika moja liitwalo UCAS, na mwombaji huruhusiwa kuchagua skuli nne tu za udaktari. Kabla ya hapo, kati ya Julai na Septemba, hufanya mtihani uitwao UCAT, unaofanywa kwenye kompyuta, wenye kupima wepesi wa kufikiri na uamuzi. Ada ya mtihani huo mwaka 2024 ilikuwa pauni 70 kwa aliyeufanyia ndani ya Uingereza na pauni 115 kwa aliyeufanyia nje. Baada ya hapo hupeleka maelezo yake mwenyewe, na sifa alizoandikiwa na mwalimu, na alama anazotarajiwa kupata katika mitihani ambayo bado hajaifanya. Kisha hukaa kitako akangoja.

Usaili wenyewe hufanywa zaidi kati ya Desemba na Machi. Katika skuli nyingi siku hizi mwombaji huzungushwa katika vituo kadhaa, dakika chache kila kituo. Hapa aulizwe juu ya mgonjwa anayekataa dawa, pale atakiwe kumpa mtu khabari mbaya kwa upole. Namna hii ya usaili ilianza Canada, katika Chuo Kikuu cha McMaster, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ilibuniwa kwa nia njema, ili hatima ya kijana isiwe mikononi mwa wazee wawili waliomchukia au kumpenda kwa jinsi alivyokaa kitini. Sisi tunaisifu nia hiyo. Lakini tunauliza: jee, yule ambaye hakuitwa kabisa, uadilifu wa vituo hivyo umemfaa nini?

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Skuli moja huita mapema, nyingine hungoja mpaka imekwisha kuzipima fomu zote. Moja hutazama mtihani wa UCAT peke yake, nyingine huuchanganya na alama za mitihani ya Kidato cha Nne chao, nyingine husoma maelezo ya mwombaji neno kwa neno. Rafiki aliyekaa naye dawati moja anaitwa mwezi wa Novemba. Yeye anafika Februari hajaambiwa ndiyo wala la. Mama anauliza kila asubuhi kama barua imekuja. Wengine humwambia kwamba subira huvuta heri. Naye, akiwa na adabu, huitikia. Lakini moyoni anajua kwamba waliosema kuwa ngojangoja huumiza matumbo nao walikuwa wazee.

Kimya hicho si kitu kidogo. Mwenye kuamua anajua, na mwenye kuamuliwa hajui, na tofauti hiyo ya kujua na kutokujua ndiyo mamlaka yenyewe. Ndiyo maana tunasema kwamba jambo hili ni la siasa, ijapokuwa hapana bendera wala kura ndani yake.

Wasomaji wetu wakidhani kwamba tunawatisha kwa dhana, na watazame yaliyotokea katika skuli ya udaktari ya Hospitali ya St George's, huko huko London. Katika miaka ya 1980 skuli hiyo ilikuwa ikipokea kiasi cha maombi 2,500 kwa mwaka, na katika hayo ikiwaita kwenye usaili kiasi cha robo tu. Lakini katika hao walioitwa, kiasi cha 70 katika kila 100 walipewa nafasi. Tunamwomba msomaji azitazame hesabu hizi mara mbili. Aliyeitwa alikuwa amekwisha kuvuka mkondo. Aliyeachwa alizama, wala hapana aliyesikia kishindo.

Basi mwalimu mmoja wa skuli hiyo alitunga programu ya kompyuta ya kuchuja maombi, kwa kusudi la kuwapunguzia kazi wachaguzi na kuleta usawa. Ilikamilika mwaka 1979, na kufikia mwaka 1982 ndiyo iliyokuwa ikifanya mchujo wote wa mwanzo. Walipoilinganisha na wachaguzi binadamu, walikuta inakubaliana nao mara 90 mpaka 95 katika kila 100. Wakaridhika, wala hawakujiuliza kwamba inakubaliana nao katika nini. Mtambo ule ulifunzwa mazoea ya watu waliokuwa wakichagua kabla yake, mazuri na mabaya pamoja. Mwanamke alipunguziwa alama. Mwenye jina lisilokuwa la Kizungu alipunguziwa zaidi. Hapana aliyeulizwa rangi yake. Jina na mahali pa kuzaliwa vilitosha.

Jee, vijana wetu wanabeba majina gani katika fomu zile? Wanabeba majina ya Khamis na Juma, ya Fatma na Mwanajuma, ya Saleh na Zuwena. Jina ambalo bibi alilichagua kwa furaha, na jirani wakalishangilia siku ya saba, ndilo lililofanywa doa katika karatasi.

Mwezi wa Desemba 1986 madaktari wawili waliokuwa wakifundisha katika skuli hiyo hiyo, Joe Collier na Aggrey Burke, huyu wa pili mzaliwa wa Jamaica, walilipeleka jambo hilo mbele ya Tume ya Usawa wa Rangi ya Uingereza. Tume ilichunguza, na katika ripoti yake ya mwaka 1988 ikathibitisha kwamba ubaguzi ulikuwapo, na kwamba huenda watu wapatao 60 kila mwaka walinyimwa usaili kwa sababu tu ya jinsia yao au asili yao. Watu hao hawakupata kujua. Kila mmoja wao alikaa kwao akadhani kwamba kosa ni lake, kwamba hakusoma vya kutosha, au hakuandika vizuri. Pengine wako waliogeukia kazi nyingine, wakazeeka na aibu isiyokuwa yao.

Na liko jambo la kustaajabisha zaidi. Skuli ile iliyokamatwa na hatia ilikuwa na wanafunzi wenye majina yasiyokuwa ya Kizungu wengi zaidi kuliko skuli nyingi za udaktari za London za wakati ule. Kwa nini basi ilikamatwa yenyewe? Sisi tunaona sababu ni wazi. Kanuni yake ilikuwa imeandikwa ndani ya mtambo, na kilichoandikwa huweza kufunguliwa na kusomwa. Kwengineko kanuni ilikuwa kichwani mwa watu, na kichwa cha mtu hakina mlango wa kuingilia. Funzo letu ni kwamba kanuni iliyoandikwa, hata ikiwa mbaya, yaweza kushitakiwa. Kanuni isiyoandikwa haishitakiki hata ikiwa mbaya mara kumi.

Hatusemi kwamba skuli za leo zinafanya yale ya mwaka 1982. Tutakuwa tumedhulumu tukisema hivyo. Iko Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, na ziko skuli ambazo hutangaza mapema namna zinavyochagua wa kuitwa. Lakini jina si pazia pekee linaloweza kuwekwa mlangoni. Mwaka 2014 Baraza la Skuli za Udaktari la Uingereza lenyewe lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba 80 katika kila 100 ya waombaji walitoka katika skuli 20 tu katika kila 100, na kwamba nusu ya skuli za sekondari na vyuo havikutoa hata mwombaji mmoja kwa muda wa miaka mitatu. Hao hata hawakufika kungoja. Waliachwa nje ya safu kabla ya safu kupangwa.

Na miongoni mwa waliofika, tofauti ni kubwa. Yuko kijana ambaye baba yake ni daktari. Akitaka kukaa hospitali wiki mbili atazame kazi, simu moja inatosha. Skuli yake ina mwalimu ambaye kazi yake ni kuwafundisha wanafunzi kujibu maswali ya usaili. Na yuko kijana ambaye mama yake husafisha wodi za hospitali ile ile usiku, akarejea nyumbani alfajiri, na hapana hata mmoja katika ukoo aliyewahi kujaza fomu ya namna ile. Wote wawili watapimwa kwa karatasi moja, na karatasi itasema kwamba wa kwanza ana hamu zaidi ya udaktari. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nasi twaongeza kwamba fomu nayo haimjui.

Tunasikia wako watakaotujibu. Watasema: nafasi ni chache na waombaji ni wengi, skuli haiwezi kumwita kila mtu. Hilo tunalikubali. Watasema tena: daktari hashughuliki na vitabu peke yake, hushughulika na watu, basi ni lazima aonekane anavyosema na anavyosikiliza. Hilo pia tunalikubali, na tena tunaliunga mkono, maana sote tumeona daktari mwenye elimu nyingi na ulimi wa upanga. Lakini hoja hizo mbili hazijibu swali letu. Kama ni lazima mtu aonekane ili ajulikane, basi asiyeonekana hakujulikana, na asiyejulikana kwa nini anaambiwa kwamba hafai?

Tena liko jambo ambalo wenye kuchuja hupenda kulisahau, nalo ni kwamba ungo wao hauoni mbali kama wanavyodhani. Mwaka 1979 skuli ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Texas mjini Houston, Marekani, iliwasaili waombaji kiasi cha 800, ikawapanga mmoja mmoja kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, ikachukua 150 kutoka miongoni mwa 350 wa juu. Kazi ilipokwisha, baraza la kutunga sheria la jimbo likaamuru wanafunzi wawe 200. Wa juu walikuwa wamekwisha kwenda skuli nyengine. Wale 50 wa nyongeza ikabidi watolewe mkiani, miongoni mwa waliokuwa wameshika nafasi ya 700 mpaka ya 800. Walisoma pamoja na wenzao. Matokeo yakachapishwa mwaka 1987 katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani: katika masomo, na katika mwaka wa kwanza wa kazi baada ya kuhitimu, haikuonekana tofauti ya maana baina ya waliopendwa na waliokataliwa.

Tusipotoshe funzo la khabari hiyo. Haisemi kwamba mtu yeyote aweza kuwa daktari, maana hao wote 800 walikuwa wamekwisha kuonekana kwamba masomo wanayaweza. Inasema kwamba wakishafika mahali pa kustahiki, kumpanga huyu wa 300 na yule wa 700 ni kazi ambayo binadamu huifanya kwa kujiamini zaidi kuliko kwa kujua. Waholanzi walilitambua hilo mapema. Tangu mwaka 1972 waliigawa nafasi ya kusomea udaktari kwa kura, na baadaye mwenye alama kubwa akapewa bahati kubwa zaidi katika kura hiyo. Mwaka 1996 msichana mmoja mwenye alama za juu kabisa aliikosa kura mara tatu, nchi ikapiga kelele, na sheria ikabadilishwa ili wenye alama za juu waingie moja kwa moja. Mwaka 2017 kura iliondolewa kabisa. Na mwaka 2023 skuli zikaruhusiwa kuirejesha, kwa sababu iligunduliwa kwamba uchaguzi wa fomu na usaili ulikuwa ukiwapendelea watoto wa wenye nacho. Kura ina uchungu wake. Lakini aliyekosa kwa kura anajua kwamba amekosa kwa kura, wala hapana anayemwambia kwamba utu wake ulipimwa ukaonekana mwepesi.

Na huu uchache wa nafasi, unatoka wapi? Wengi huuzungumza kama wanavyozungumza ukame, kana kwamba umeshuka mbinguni. Sivyo. Idadi ya wanafunzi wa udaktari Uingereza hupangwa na serikali, kwa sababu kumfundisha daktari mmoja kunakula fedha nyingi za umma. Kati ya mwaka 2018 na 2020 serikali iliongeza nafasi 1,500 kwa mwaka katika England na zikafunguliwa skuli tano mpya. Mwezi wa Agosti 2020, mitihani ilipofutwa kwa ajili ya maradhi ya korona na alama zilizotolewa kwa hesabu ya mtambo zikawaudhi wananchi, serikali ilirudi nyuma katika muda wa siku chache, ikaondoa kikomo cha nafasi za udaktari kwa mwaka ule ili waliokuwa wamekwisha kuahidiwa wapokewe. Mlango uliokuwa ukisemwa kwamba hautanuki, ulitanuka ndani ya wiki moja. Nani aliutanua? Ni sauti za wazazi na vijana.

Zaidi ya hayo, nchi ile ile inayowaambia watoto wake kwamba hapana nafasi, huwachukua madaktari waliosomeshwa kwa fedha za nchi maskini kuliko yenyewe. Mwaka 2022 zaidi ya nusu ya madaktari wapya waliosajiliwa huko walikuwa wamesomea nje ya Uingereza. Hatumlaumu daktari anayekwenda kutafuta maisha. Kila mtu na riziki yake. Lakini tunaiona hesabu: kijana wa East London anakataliwa kwa kimya, na wodi ambayo angeifanyia kazi inajazwa na daktari aliyeiacha wodi ya watu wengine tupu.

Sasa na tutazame kwetu, maana si haki kumnyooshea jirani kidole na kwako hakujafagiwa. Kabla ya mwaka 1963 mtoto wa Unguja au Pemba aliyetaka udaktari katika Afrika ya Mashariki njia yake ilikuwa Makerere, Kampala, ambako mafunzo ya utabibu yalianza mwaka 1924. Mwaka 1963 ikafunguliwa skuli ya udaktari Dar es Salaam. Na mwaka 2007, kwa msaada wa walimu wa Kyuba, mafunzo ya udaktari yakaanza hapa hapa Zanzibar. Leo mtoto wetu anayeomba nafasi katika vyuo vya Tanzania kwa kawaida haitwi kwenye usaili. Huchaguliwa kwa alama zake za Kidato cha Sita katika Fizikia, Kemia na Baiolojia. Kiwango cha chini cha kuombea kimechapishwa kila mtu akisome; majina hutangazwa; na aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa athibitishe kimoja ili nafasi nyingine zibaki kwa wenziwe.

Njia hii ina sifa moja kubwa, nayo ni kwamba anayengoja anajua anangoja nini. Hapana anayemuuliza baba yake ni nani. Lakini nayo ina mlango wake wa uficho, ila uko nyuma zaidi. Skuli yenye maabara na mwalimu wa Fizikia hutoa alama. Skuli ambayo kemia husomwa ubaoni, na chupa za dawa huonekana kwa picha, hutoa masikitiko. Mtoto wa skuli ya pili hakatazwi na mtu, lakini mchujo umekwisha kumpitia akiwa na umri wa miaka kumi na tano. Kwa hivyo, tunapodai haki kwa watoto wetu walioko ng'ambo, tusiwasahau walioko Micheweni na Makunduchi.

Tunadai nini basi? Tunayataja wazi, ili asije mtu akasema kwamba tulilalamika bila ya kutaka kitu.

Kwanza, kila skuli ya udaktari iandike na itangaze, kabla maombi hayajafunguliwa, kanuni yote ya kuchagua wa kuitwa: nini kinatazamwa, kwa uzito gani, na mwaka uliotangulia kikomo kilikuwa wapi.

Pili, kila skuli itaje siku ambayo kila mwombaji atakuwa amejibiwa, aliyeitwa na asiyeitwa. Kunyamaza kusihesabiwe kuwa ni jibu. Mtu aliyelipa ada yake na akatoa mwaka wa ujana wake anastahiki walau mstari mmoja wa maandishi.

Tatu, hesabu zitolewe kila mwaka za walioitwa na wasioitwa, kwa jinsia, kwa asili na kwa aina ya skuli walizotoka. Yale ya St George's yasingeliweza kudumu miaka yote ile kama hesabu zingelikuwa zikining'inia ukutani.

Nne, ada ya mtihani na gharama ya safari zisiwe kizingiti kwa maskini. Tunajua kwamba upo msaada kwa wanafunzi wa Uingereza wasiojiweza. Tunataka ujulikane kwao kama unavyojulikana kwetu.

Tano, pale ambapo waombaji wamelingana na nafasi haziwatoshi, skuli iseme kweli kwamba wamelingana, na ipige kura hadharani, kuliko kubuni tofauti isiyokuwapo na kuiita elimu.

Kwenu ninyi vijana mnaongoja, tuna maneno machache. Msikae na kimya hicho peke yenu. Vyuo vikuu vingi vya Uingereza viko chini ya Sheria ya Uhuru wa Khabari ya mwaka 2000, na mtu yeyote anayo haki ya kuviandikia akauliza jinsi waitwao walivyochaguliwa na kikomo kilikuwa alama ngapi. Wako waliouliza wakajibiwa, na majibu yao yamewafaa waliokuja nyuma. Aidha unayo haki ya kuomba kuonyeshwa yaliyoandikwa juu yako wewe mwenyewe. Tumieni haki hizo kwa adabu na bila ya hofu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Na ninyi wazee na wanachama walioko ng'ambo, kusanyikeni. Kila mji wenye jumuiya ya watu wetu una muuguzi, au mfamasia, au daktari aliyekwisha kuipita njia hii. Na wakutane na vijana Jumamosi moja kwa mwezi, wawasaili kabla ya kusailiwa, wawasomee fomu zao kabla hazijapelekwa. Watoto wa wenye nacho wanafanyiwa hayo kwa fedha. Wetu na wafanyiwe kwa udugu.

Mwisho, kwa yule ambaye Machi imepita na hakuitwa. Kimya ulichokipata hakikukuona, kwa hiyo hakiwezi kukushuhudia. Liko kundi la watu 50 katika Houston walioambiwa hawafai, nao wakawa madaktari sawa na wenzao siku ile mlango ulipofunguliwa. Omba tena ukiweza. Na ukishindwa kuomba, ungana na wanaodai mlango ufunguliwe kwa wanaokuja nyuma yako. Sisi tutaendelea kuuliza, kwa sauti na kwa maandishi, ni nani anayeamua, kwa kanuni ipi, na kwa nini hasemi.